Mwaka Niliomnong'oneza Yaya Majina

Jumapili iliyopita yaya Mugisho, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, alikuja nyumbani baada ya ibada, akaketi kwenye kiti chake, kile ambacho Mama alikikaza miguu kwa waya ili kiweze kumbeba, akaweka simu mezani kifudifudi. "Riziki," akasema, "Otis amekufa." Hakulia. Mama alikuwa jikoni anasonga bugali, nikasikia mwiko wake umesimama kidogo, halafu ukaendelea. Mimi sikuwahi kumwona Otis ila kwenye kioo cha simu, uso mpana wenye mwanya mbele, lakini namjua kuliko ninavyowajua wengi niliosoma nao. Alikuwa mchezaji wa mpira wa Kiamerika, kama yaya alivyokuwa, na kwa miaka walisimama bega kwa bega uwanjani. Chini barabarani taxi zilikuwa zinapiga honi kama kawaida ya Albert Park, mtaa wetu wa Durban. Kisha yaya akasema, "Leta vizibo." Nilipanda juu ya ndoo, nikashusha kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati. Sikuwa nimelifungua tangu mwaka ule, na lilipotikisika mkononi mwangu ule mlio tu ulinirudishia hofu, ile ile, kana kwamba haikuondoka bali ilikuwa imekaa humo ndani ya kopo ikinisubiri.

Sasa nina miaka kumi na tisa, na wakati ule nilikuwa na kumi na sita. Najua mtu mzima atacheka akisikia naita hiyo zamani. Acheke. Nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu: lifti ya jengo letu, mwalimu akisema jina langu kwa sauti, watu wa maandamano wanaopita mjini wakiimba kwamba wageni waende kwao. Darasani nilikaa nyuma na kuandika mambo yangu kwenye karatasi nilizochana baadaye. Kwa hiyo siku Mama aliposema yaya anarudi kutoka Amerika kukaa nasi, nilifurahi kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani nikiwa na mtu mkubwa namna ile nyumbani, sitaogopa tena. Yaya hakuweza kupita mlangoni kwetu bila kugeuka upande. Alipopanda ngazi, majirani walitoka kumwangalia, na Mama Solange wa chumba cha kona alimshika mkono akasema, "Ukikaa hapa na sisi, papa, hata bale ba maandamano batapita mbali." Yaya akacheka. Kicheko kilikuwa chake, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta yule mama usoni, kama mtu anayesoma bango akiwa ndani ya gari linalokwenda mbio. Niliona, nikafikiri ni uchovu wa ndege.

Nieleze kazi yake, maana hata sisi ilituchukua muda kuielewa. Alikuwa anacheza raga shuleni Pinetown, mvulana mnene mwenye miguu myepesi, na watu waliokuja kutafuta vijana wakubwa wakamwona. Wakampeleka chuo huko Amerika, na kutoka chuo akaingia ligi ya kulipwa. Alichezea timu tatu katika miji mitatu yenye theluji. Kila mara alianza kwenye kikosi cha mazoezi, wale wanaogongwa Jumatano ili wengine wacheze Jumapili, na kila mara alipanda taratibu mpaka akasimama mstari wa mbele. Mstari huo una watu watano. Hawarushi mpira, hawadaki, hawafungi. Nyuma yao kuna mrushaji, na kazi yao ni kuzuia watu wakubwa kama wao wasimfikie. Yaya alisimama ukingoni, upande ambao mrushaji akigeuka kurusha hauoni. Miaka yote aliyocheza sikuwahi kumwona ameshika mpira. Nakumbuka mara ya kwanza Mama alipotazama mechi nzima kwenye simu, kwenye saluni yake ya kusuka, na wateja wake wote wakitazama pamoja naye.

"Basi, banamulipa ju ya kusukumana tu?" Mama aliuliza.

"Sha, hata mimi nasukumana kila asubuhi pale taxi rank," alisema Tantine Godelive, bila kuacha kusuka. "Hakuna hata mtu moja amenilipa. Umuulize kama kule kuna nafasi ya bamama."

Tantine Godelive ni Mrundi, shangazi yetu kwa heshima tu. Amesuka kwenye saluni ya Mama tangu nikiwa mdogo, na mwaka ule ndiye aliyekuwa akituletea mayai, trei kwa trei, kutoka kwa mtu anayefuga kuku. Maana kula kulikuwa nusu ya kazi ya yaya. Timu ya tatu ilimwacha kwa sababu ya goti, lakini ajenti wake alikuwa anapiga simu kutoka Amerika akisema kuna timu ina majeruhi, watamwita kambini kujaribiwa, ajiandae, asipungue kilo. Mama alilichukua neno hilo kama amri ya mbinguni. Aliazima sufuria ya kanisa. Asubuhi mayai na viazi, mchana bugali na sombe ya majani ya muhogo, jioni makayabo, wale samaki wa chumvi, na wali na maharage, na katikati maziwa. Sisi wengine tulikula tukimwangalia. Alipoacha chakula kwenye sahani Mama aliogopa, na alipomaliza Mama aliogopa pia, kwa sababu wakati mwingine alimaliza halafu akauliza, "Leo hatuli?" Tantine alicheka mpaka akafuta machozi. "Ule tumbo yake iko na vyumba viwili na sebule!" Mama naye akacheka. Nilicheka nao. Naikumbuka sauti ya kicheko changu, kilivyochelewa.

Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha tulilala mimi na Mama, upande wa meza alilala yaya juu ya magodoro mawili yaliyounganishwa. Kwa kuwa mwanga ulimuumiza, mapazia ya madirisha yalikaa yamefungwa mchana kutwa, na nilikuwa nikirudi shuleni natoka kwenye jua la Durban na kuingia kwenye giza la kahawia lenye harufu ya dawa ya kuchua na makayabo. Ilibidi nisimame mlangoni kwanza, macho yazoee, ndipo nione kama kile kivuli kwenye kiti kimelala au kinanitazama. Siku nyingine kilikuwa kinanitazama. "Nani?" angeuliza. "Ni mimi, yaya." "Najua ni wewe. Nakuchezea tu." Na mimi ningevua viatu haraka na kuwasha redio kidogo, ili pawe na mtu wa tatu chumbani.

Vizibo vilianza kama mchezo. Kitabu cha mipango ya timu yake ya mwisho kilikuwa kwenye tableti, mamia ya michoro, na kila mchoro una jina refu la Kiingereza ambalo mrushaji analitaja mara moja tu, kelele zikiwa zimejaa, na watu wote wanatakiwa kujua wakanyage wapi. Yaya alikusanya vizibo vya soda, vya bluu vitano kwa ajili ya watu wa mstari wake, vyekundu kwa maadui, akavipanga juu ya meza. Mimi nilikuwa mrushaji. Kwa sababu nilivuruga yale majina ya Kiingereza, tulitunga yetu ya jikoni. Sombe, mstari wote unasogea kushoto. Makayabo, kulia. Pilipili, kuna mtu anakuja kwa siri kutoka nyuma, mtafute. "Kizibo hiki ni mimi," alisema, akigusa cha mwisho. "Na huyu kando yangu ni Otis. Otis akiona kitu ananiambia neno moja tu, na mimi namwamini kuliko macho yangu." Nilitaja majina ya wote watano kila siku, Otis akiwa wa pili kutoka ukingoni, nikapaza sauti yangu ndogo, "Sombe!", na vidole vyake vinene vilisukuma vizibo kwa upole wa ajabu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuamuru mtu kitu. Nilipenda. Kwa wiki kadhaa nilikimbia kutoka shuleni ili niwahi.

Halafu vidole vikaanza kuchelewa. Nilisema "Makayabo", na mkono wake ukaelea juu ya meza, ukaenda kushoto, ukarudi. Alisema, "Tena." Nikasema tena. Siku moja alivifagia vyote kwa mkono mmoja vikaruka mpaka kwenye sahani za Mama, na glasi ikavunjika. Hakupiga kelele. Kilichoniogopesha ni kwamba hakupiga kelele, alibaki anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeingia bila kubisha. Niliokota vizibo nikiwa nimepiga magoti, navihesabu moyoni ili nisilie. "Samahani, mdogo wangu," alisema. Na baada ya muda, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amevunja glasi?"

Majina ya watu nayo yalianza kumtoka. Mara ya kwanza ilikuwa nje ya kanisa. Papa Lubala, mlinzi wa yadi ya malori kule Clairwood ambaye alikuwa akimruhusu yaya afanye mazoezi mle Jumamosi, alikuja kumsalimia, na yaya akainama kwangu, akajikuna sikio, akauliza kwa pumzi tu, "Huyu nani?" Nikanong'ona. "Papa Lubala!" yaya akasema kwa furaha kubwa, na mzee wa watu akafurahi. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Akijikuna sikio, nanong'ona. Nilijifunza kusimama nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, na watu wakasema tazama Riziki anavyompenda kaka yake, hamwachi. Mama alifurahi kwamba sasa natoka kwenye kona yangu. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mtu mwoga akijificha nyuma ya mtu mkubwa anaonekana yuko mahali pake.

Nilisikia mambo kupitia pazia. Yaya aliongea na Otis kwa simu karibu kila siku, na alipokuwa na Otis alicheka kama zamani. Alasiri moja nilikuwa nimelala na homa, nao walidhani niko shuleni. Waliongea juu ya kipimo cha kichwa. Kila mchezaji akianza kazi anakalishwa mbele ya kompyuta, anaonyeshwa maneno ayakumbuke, maumbo ayapange, na majibu yake yanawekwa. Siku akigongwa anapimwa tena, na madaktari wanalinganisha na yale ya kwanza. Yakishuka, hachezi. Otis akasema kitu, yaya akacheka, akasema kwa Kiingereza, "Mimi nilijifanya mjinga vizuri sana ile siku ya kwanza, mwanangu, hata nikigongwa na treni watasema huyu ndivyo alivyo." Wakacheka wote wawili, Otis mpaka akakohoa. Baadaye nilipomletea maziwa nilimuuliza ni kweli. Alinitazama bila haya. "Wote tunafanya. Wakongwe ndio wanaokufundisha, wiki ya kwanza, kabla hata hujapewa kofia ngumu ya kuchezea. Ukifanya vizuri kile kipimo, umejifunga mwenyewe. Mtu akikosa mechi mbili, kuna mwingine kwenye kiti chake." Kisha akanyoosha kidole kikubwa. "Na Mama asijue."

Nililala nikiwaza jambo ambalo lilinitetemesha kuliko homa. Kule Amerika, kwenye mashine yao, yaya alikuwa ameandikwa mjinga tangu siku ya kwanza. Hakuna daktari wa kule ambaye angeona kitu kimepotea. Yaya niliyemjua mimi, aliyekuwa akishika kichwani namba za simu za wateja wote wa saluni, aliyekuwa akisimama kanisani akiwa kijana na kusema zaburi ndefu bila kitabu, huyo hawakuwa naye. Alikuwa hapa tu, kwenye chumba hiki chenye pazia, kichwani mwa Mama na kichwani mwangu. Na Mama alikuwa hataki kuona. Kwa hiyo nilibaki mimi, mtu asiyeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani.

Clairwood ndiko nilikoelewa kitu chenyewe ninachokiogopa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda, yadi imejaa malori yanayosubiri kwenda bandarini. Yaya alikuwa anasukuma tairi kubwa la trela, analipindua, analikimbiza, mimi nimekaa kwenye kivuli cha kontena na chupa ya maji. Upande wa pili trela ilianza kurudi nyuma, na ule mlio wake wa kuonya ukaanza, piip, piip, piip, na wafanyakazi wakawa wanapiga makelele ya kumwelekeza dereva. Yaya aliinua kichwa. Aliacha tairi. Akatembea mpaka katikati ya njia, nyuma kabisa ya ile trela, akapiga goti, akaweka mkono mmoja chini, mgongo ukanyooka, akatulia. Nilimjua vile alivyokaa. Nilikuwa nimemwona hivyo kwenye simu mara nyingi, sekunde kabla mchezo haujaanza. Dereva hakuweza kumwona. Papa Lubala alikuwa langoni, amegeuka. Trela ilikuja polepole, na yaya aliingoja kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya hilo tu.

Nilifungua mdomo, jina lake halikutoka. Sijui kwa nini. Kilichotoka ni sauti ambayo sikuwa naijua kama ninayo. "Sombe!"

Mwili wake uliruka kushoto. Hatua fupi fupi za haraka, mikono mbele, mpaka akagonga ukuta wa makontena na kusimama. Trela ilipita pale alipokuwa. Wafanyakazi walianza kutukana, mmoja akasema, "Eish, huyu mjomba anataka kufa?" Nilimkimbilia. Alikuwa anahema, anatabasamu, jasho linamtiririka, na akaniuliza kwa Kiingereza kama timu imepata yadi za kusonga mbele. Kisha akaona malori. Nikauona uso wake ukirudi mahali pake taratibu, na kuliona hilo kulikuwa kubaya kuliko trela. Aliinama akatapika mayai yote ya Tantine Godelive. Papa Lubala alipofika anakimbia, yaya alimwambia ni jua. Njiani kurudi, mbele ya robot, zile taa za barabarani za Clairwood, taa ilikuwa kijani kwa ajili yetu na yeye hakuvuka mpaka nilipomshika mkono. "Usimwambie Mama," alisema. Na baadaye kidogo, "Bila wewe sijui." Nilivaa maneno hayo kama gauni lililonibana. Nilijivuna na nilishindwa kupumua.

Mwito wa kambi ulikuja. Ajenti alipiga simu, tiketi ikatumwa, na jengo zima likajua kabla ya jioni. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Mama husema siku waliyokimbia vita hawakupata nafasi ya kuaga mtu, na wengi wa wale wasioagwa hawakuonana tena. Kwa hiyo nyumbani kwake anayesafiri lazima apite kwa kila mtu, amshike mikono miwili, amwite kwa jina lake, aseme, "Kama nilikukosea, niachilie." Na yule anayebaki anajibu, "Nenda, nimekuachilia." Bila jina haihesabiki. Hata nilipokuwa naenda kambi ya shule ya siku chache nilipitishwa hivyo, nikitaka kufa kwa aibu. Wiki nzima kabla ya kumuaga yaya sikuweza kula. Yeye alinipanga vizuri. "Utasimama kushoto kwangu. Nikijikuna, unanipa. Sharp?" Nikasema, "Sharp."

Ilikuwa Jumapili mchana. Pazia lilifunguliwa, magodoro yakasimamishwa ukutani, viti vikaletwa kutoka kila chumba. Kulikuwa na sufuria ya kanisa imejaa sombe, makayabo yenye nyanya, bugali iliyofunikwa kwa kitambaa, kreti za soda. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Mtu alisema yaya akirudi atatununulia jengo lote, mwingine akasema aanze na lifti. Yaya alivaa suti iliyombana mabegani, na kila aliyemtazama alijivuna. Mchungaji akaomba. Kisha yaya akaanza kupita. Kwa mchungaji alijikuna, nikanong'ona. Kwa Papa Lubala, nikanong'ona. Kwa Mama Solange, nikanong'ona, naye akambusu mashavu, akalia. Kila jina nililolitoa nilihisi nalipakia kwenye ndege. Nilikuwa najiuliza swali moja, na kadiri mstari ulivyosogea ndivyo lilivyozidi kunikaba: kule, kelele zikiwa zimejaa, yaya akipotea kama alivyopotea Clairwood, na mbele yake kuna mtu wa kilo mia na hamsini anayekuja mbio, nani atapaza sauti?

Akafika kwa Tantine Godelive. Akamshika mikono miwili. Akajikuna sikio.

Sikusema kitu.

Akajikuna tena. Nilitazama viatu vyangu.

"Sha, unanitafutia jina gani?" Tantine akasema. "Kama ni la mupenzi, sema polepole, bwana yangu yuko pale kwa soda." Watu wakacheka. Yaya naye alicheka. Kisha kicheko cha watu kikaisha na chake kikaendelea peke yake, na kikakoma. "Mama..." alianza. "Mama..." Mikono ya Tantine ilikuwa bado ndani ya mikono yake, ile mikono iliyomletea mayai kila wiki kwa miezi, na niliona tabasamu likimtoka Tantine kidogo kidogo.

Mama aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika. "Mugisho," alisema. "Huyu ni nani?"

Yaya aligeuka kwangu. Hakunong'ona. "Riziki, sema!"

Nilijua kwamba chumba kizima kinanitazama. Nilijua pia hasira yake, jinsi ilivyokaa kimya mkononi mwake siku ya glasi. "Sisemi, yaya," nikasema.

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaitazama ile nafasi ndogo kati ya mdomo wangu na sikio lake, na nadhani aliona mwaka mzima ukipita pale. "Tangu lini?" akauliza. Yaya aliachia mikono ya Tantine, akageuka upande kama kawaida yake ili apite mlangoni, akatoka. Tulisikia ngazi zikimpokea, moja baada ya nyingine. Watu walibaki na sahani zao. Nilingoja mtu anipige, au anishukuru, na hakuna aliyefanya lolote. Aliyetoka kumfuata ni Tantine Godelive. Nilichungulia. Alikuwa ameketi kwenye ngazi kando yake, mdogo kama mfuko wa sokoni uliowekwa karibu na kabati. "Godelive," alikuwa anamwambia. "Si kitu, sha. Godelive. Uniulize hata kila siku." Na mabega ya yaya, ndani ya ile suti, yalikuwa yanatikisika.

Asubuhi iliyofuata yaya mwenyewe alimpigia ajenti, mbele ya Mama, akaeleza alivyodanganya kwenye kipimo. Simu ilikuwa fupi, na safari ikaishia hapo. Daktari wa hapa Durban alichukua muda mrefu zaidi, na alichosema kilikuwa rahisi: yaliyopotea huenda yasirudi, yaliyobaki yanaweza kukaa, mradi asigongwe tena. Yaya hakuniongelesha kwa majuma mengi. Nilirudi kutoka shuleni nikasimama mlangoni macho yazoee giza, na kivuli kwenye kiti hakikuuliza nani. Hofu ya kwamba angekufa ilipoondoka, nyingine ilikuja kukaa mahali pake: kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokijua, na kwamba alilijua hilo hata siku ambazo hakujua tunakula nini. Ile siku ya kuagana mstari ulikatika kabla hajanifikia. Mpaka leo hajanishika mikono miwili, na mpaka leo sijui kama ameniachilia.

Sasa anafanya kazi kwenye ghala kule Clairwood, ndani, mbali na malori. Anaishi karibu na huko kwenye chumba chenye mlango mpana. Anaipenda kazi ile, na aliniambia sababu kabla hata sijauliza: pale kila mtu ana jina lake limeshonwa kifuani. Otis yeye aliendelea kucheza. Kila mwaka yaya alimsihi kwa simu aache, na kila mwaka Otis alisema huu ndio wa mwisho. Mke wa Otis ndiye aliyepiga simu Jumapili. Hakueleza mengi, alisema tu kwamba miezi ya mwisho Otis alikuwa hawatambui watoto.

Nilipomletea kopo Jumapili hiyo, yaya alilifungua mwenyewe. Akachagua vizibo vya bluu vitano, akavipanga mezani kwa vidole vile vile, polepole, mpaka mstari ukanyooka. Bugali ilikuwa imeshawekwa, inapoa. Akagusa cha mwisho, chake. Kisha akagusa kinachokifuata, akakishikilia kwa muda mrefu, na nikaona macho yake yanaanza kutafuta, kama siku ile alipopanda ngazi zetu kutoka Amerika. Simu ilikuwa pale pale, kifudifudi. Mama alitazama pembeni. Yaya aliinua mkono, akajikuna sikio.

Nilisogeza kiti changu upande wake wa kushoto, nikanong'ona.

"Otis," yaya akasema. Akakichukua kizibo, akakifunika ndani ya mikono yake miwili. "Otis. Nenda, nimekuachilia."